Haiku kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Kutembea, Kuketi na Kufuta

Ukimuuliza mtu haiku ni nini, atakuambia ni shairi la Kijapani lenye mizani 17: tano, saba, tano. Jibu ni sahihi, ila halimsaidii mtu kuandika hata haiku moja. Mizani 17 hujazwa na yeyote mwenye vidole vya kuhesabia. Kazi iko kwingine. Unatoka nyumbani, unatulia hadi ukaona kilichopo mbele yako, unakiandika, kisha unafuta ulichoandika mpaka kibaki kile kitu chenyewe.

Hiyo ndiyo njia aliyoipita Matsuo Bashō (1644–1694), na mwongozo huu unamfuata yeye zaidi ya mwingine yeyote. Bashō alizaliwa Iga, akahamia Edo, yaani Tokyo ya leo, na huko akawa mwalimu wa ushairi mwenye wanafunzi na jina. Mwaka 1680 aliacha shughuli za katikati ya mji akaenda kuishi Fukagawa, ng'ambo ya mto Sumida, katika kibanda. Mwanafunzi wake mmoja alimpandia mgomba mlangoni, na lile jina Bashō ni la mgomba huo. Wa Japani hauzai ndizi za kula. Yeye aliupenda kwa majani yake yanayochanwa na upepo. Hapo Fukagawa ndipo alipoanza kujifunza Zen, tawi la Ubuddha linalosisitiza kuketi kwa utulivu, kwa mtawa aitwaye Butchō. Mwaka 1682 moto uliteketeza kibanda, na mwaka 1684 akaanza kusafiri. Safari hizo hazikukoma kweli hadi alipofia Osaka.

Sisi tuliokulia kwenye mashairi ya vina tuna faida moja na kikwazo kimoja. Faida ni sikio: mizani tunaihisi bila kufundishwa. Kikwazo ni mazoea ya kuusia. Ushairi wetu hupenda kumalizia na funzo, na msikilizaji hulisubiri. Haiku hailitoi. Ukilitia funzo umelivunja shairi, hata mizani ikitimia.

Hatua ya kwanza: toka, na mzigo uwe mwepesi

Safari mashuhuri ya Bashō ilianza mwaka 1689. Yeye na mwenzake Kawai Sora waliondoka Edo mwishoni mwa majira ya kuchipua wakaelekea kaskazini, wakazunguka hadi pwani ya Bahari ya Japani na kuishia Ogaki majira ya mapukutiko. Ni takriban kilomita 2,400 kwa muda wa miezi mitano hivi, sehemu kubwa kwa miguu. Mwanzoni kabisa mwa maandishi yake analalamikia mabega. Alikuwa amebeba joho la karatasi la kujikinga na baridi ya usiku, vazi jepesi, nguo za mvua, wino na kalamu, na juu ya hayo zawadi za watu waliomuaga, ambazo hakuwa na uso wa kuzitupa. Yeyote aliyewahi kuagwa na ndugu stendi anaujua mzigo huo.

Wewe chukua daftari dogo linaloingia mfukoni, kalamu mbili, maji na kofia. Simu izime sauti, na picha usipige kwanza. Ukipiga picha, jicho linaona kazi imekwisha na linaacha kutazama.

Umbali si hoja. Chagua njia ambayo utaweza kuitembea polepole kwa saa mbili, na ikiwezekana iwe na mahali penye historia. Wajapani wana desturi ya kwenda mahali palipoimbwa na washairi waliotangulia na kuongeza ubeti wao juu ya wa wazee. Bashō alipofika Hiraizumi, mahali alipofia shujaa Minamoto no Yoshitsune mwaka 1189, ilikuwa imepita miaka 500 kamili. Ngome hakuikuta, alikuta majani. Anasema aliweka kofia yake chini, akaikalia, akalia. Kisha:

Nyasi za hari—
ndoto za mashujaa,
masalia tu.

Hasemi kwamba dunia ni mapito. Nyasi zipo, ndoto hazipo, msomaji anamalizia mwenyewe. Ukipata nafasi ya kufika Kilwa Kisiwani au magofu ya Gedi, fanya vivyo hivyo: usimwandikie msomaji kuhusu utukufu uliopita, tafuta mzizi uliopasua ukuta au mjusi aliye kwenye kibla.

Wala usiende kutafuta uzuri tu. Kwenye kivuko cha mpaka cha Shitomae, Bashō alikwama kwa mvua na upepo nyumbani kwa mlinzi wa mpaka, na haiku aliyotoka nayo inataja viroboto, chawa, na farasi anayekojoa karibu na mto wa kulalia. Mtu anayesubiri machweo ili aandike atakaa na daftari jeupe.

Na kama huwezi kusafiri? Masaoka Shiki (1867–1902), ambaye ndiye aliyelisimamisha jina lenyewe la haiku kama shairi linalojitegemea, aliugua kifua kikuu kikaingia uti wa mgongo, akaishi miaka yake ya mwisho kitandani. Mojawapo ya mashairi yake bora, la mwaka 1896, linasema tu kwamba ameuliza mara nyingi theluji imefika kina gani. Hajaiona. Anauliza walio dirishani. Dirisha moja linatosha, mradi ulitazame kweli.

Hatua ya pili: keti kabla ya kuandika

Hapa Zen inaingia, na inafaa tuiweke mahali pake. Kuna watu, hasa nje ya Japani, wanaosema haiku ni Zen na Zen ni haiku. R. H. Blyth, Mwingereza aliyechapisha mabuku manne ya haiku kati ya 1949 na 1952, alilieneza sana wazo hilo. Ukitazama washairi wenyewe, picha ni pana zaidi. Kobayashi Issa (1763–1828) alifuata Ubuddha wa Ardhi Safi, ambao ni njia nyingine kabisa. Yosa Buson (1716–1784) alikuwa mchoraji kwanza. Bashō mwenyewe alivaa joho jeusi kama mtawa bila kuwa mtawa; katika maandishi ya safari yake ya Kashima anajifananisha na popo, si ndege si panya.

Basi chukulia Zen kama mazoezi ya usikivu. Huhitaji kubadili dini. Ukiwa Mwislamu au Mkristo, chukua mkao na utulivu, ibada yako iache palepale ilipo.

Mkao huo unaitwa zazen. Kunja blanketi liwe nene, kalia ukingo wake wa mbele ili nyonga ziwe juu kuliko magoti, kisha kunja miguu. Magoti yakigoma, tumia kiti, usiegemee, na nyayo zote mbili ziguse sakafu. Mgongo wima, kidevu kiingie ndani kidogo. Weka mkono wa kushoto juu ya wa kulia, viganja vikitazama juu, na ncha za vidole gumba zigusane kidogo tu. Macho usiyafumbe. Yaache nusu wazi, yaangalie sakafu kama mita moja mbele yako. Sasa hesabu pumzi kila unapoitoa, moja hadi kumi, halafu urudi moja. Ukijikuta umefika kumi na saba, au unapiga hesabu za kodi ya nyumba, usijikasirikie. Anza tena moja.

Dakika kumi kwa siku zinatosha kwa mwanzo. Baadaye unaweza kuacha kuhesabu na kuketi tu, namna inayofundishwa na madhehebu ya Sōtō, yaliyopelekwa Japani na mtawa Dōgen (1200–1253). Kuna pia kutembea kwa Zen, kinhin: ngumi ya kushoto, gumba likiwa ndani, hufunikwa kwa mkono wa kulia mbele ya kifua, na kila pumzi huenda na nusu hatua. Ni polepole kiasi cha kuchekesha, na jirani atakushangaa. Fanya uani.

Faida yake kwa mwandishi ni ndogo lakini ya hakika. Baada ya kuketi, ile sauti ya kichwani inayotoa maoni juu ya kila kitu inapungua kwa dakika chache. Toka nje ndani ya dakika hizo.

Safari ya Kashima ya mwaka 1687 inafaa kukumbukwa hapa. Bashō, Sora na mtawa mmoja walikwenda kuutazama mwezi mpevu wa majira ya mapukutiko, na Butchō, mwalimu wake wa zamani, alikuwa akiishi huko. Usiku ule mvua ikanyesha. Mwezi hakuna. Wakalala hekaluni, na karibu na alfajiri mawingu yakapasuka kidogo:

Mwezi mbioni—
vilele vimeshika
matone bado.

Vilele hivyo ni vya miti. Angeweza kuandika kuhusu masikitiko ya safari iliyoharibika. Akaandika kilichokuwepo.

Hatua ya tatu: andika vitu, usiandike hisia

Tembea kama dakika ishirini daftari likiwa mfukoni. Kisha simama, andika vitu vitano vilivyokupata kwa macho, masikio, pua au ngozi. Kila kimoja mstari mmoja, kwa lugha ya kawaida, bila kuhesabu mizani. Neno "kama" lipige marufuku kwa sasa, pamoja na "nzuri", "huzuni", "matumaini" na jamaa zao.

"Asubuhi tulivu yenye baraka" haina kitu ndani yake. "Mtoto anakoroga matope kwa mpini wa kijiko" ina mtoto, matope, kijiko, na hata mama ambaye bado hajajua kijiko kiko wapi.

Mwanafunzi wa Bashō aliyeitwa Hattori Dohō ametunza agizo la mwalimu wake: mambo ya msonobari jifunze kwa msonobari, ya mwanzi kwa mwanzi. Maana yake kwa vitendo: kaa na kitu kimoja kwa muda kuliko unavyotaka. Mimi humwambia anayeanza achague mti mmoja njiani na asiondoke hadi auone ukifanya jambo ambalo hakulitarajia. Miti hufanya mambo mengi.

Hatua ya nne: tafuta majira yako

Haiku ya jadi hubeba neno la majira, kigo, na Wajapani wana vitabu vizima, saijiki, vinavyoyapanga maneno hayo kwa misimu. Chura ni wa majira ya kuchipua, nyenze ni wa kiangazi, mwezi ukitajwa bila sifa nyingine ni wa mapukutiko. Neno moja likitajwa, msomaji anajua hali ya hewa, mwanga, chakula na sikukuu iliyo karibu.

Usiazime maua ya cheri kama hujayaona. Pwani yetu ina majira yanayokwenda na pepo: kaskazi, kusi, na matlai katikati yake. Kuna masika na vuli, kuna kipupwe. Kumbikumbi hutoka baada ya mvua za kwanza. Embe zina wakati wake. Jakaranda za Nairobi huchanua kuelekea Oktoba. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Andika orodha yako nyuma ya daftari, uiongeze mwaka mzima. Hiyo ndiyo saijiki yako, na haitafanana na ya mtu wa Kigoma au Bukavu.

Tahadhari moja: mfungo wa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa Miladi, kwa hiyo waweza kuangukia masika au jua kali. Ukiutaja, ongeza kitu kingine kitakachoonyesha ni lini.

Hatua ya tano: kata katikati

Haiku ina vipande viwili vilivyowekwa jirani, na kati yake kuna ufa. Kijapani hutumia maneno ya kukatia kama "ya", "kana" na "keri". Sisi tuna kistari, tuna nukta mbili, na tuna sentensi isiyo na kitenzi. Mfano mashuhuri ni ule wa Bashō wa mwaka 1686:

Bwawa la kale—
chura achupa ndani,
maji yalia.

Ondoa kistari, uandike "chura achupa ndani ya bwawa la kale", unabaki na taarifa. Ufa ndio unaompa msomaji nafasi ya kusikia ukimya wa bwawa kabla chura hajaruka.

Vipande viwili visiwe mbali mno hadi vikawa kitendawili, wala karibu mno hadi kimoja kikawa maelezo ya kingine. Huu ni mfano wangu, wa basi lililozimika njiani:

Injini kimya—
kwenye buti la basi
kuku alia.

Kuku alikuwa analia tangu stendi. Shairi halisemi hivyo, na halihitaji kusema. Halina neno la majira pia, na mshairi mkali wa jadi angelirudisha. Mimi ningeliacha.

Kuhusu hesabu: Kiswahili kinakaa vizuri kwenye 5-7-5 kuliko lugha nyingi, kwa sababu silabi zetu nyingi huishia na irabu kama za Kijapani. M na n zinazosimama peke yake zihesabu: mtoto ni mizani tatu, nchi ni mbili. Kijapani nacho huhesabu n peke yake. Shinbun, yaani gazeti, ni nne. Lakini mstari ukikulazimisha kuchomeka "sana" au "hakika" ili utimie, acha upungue. Taneda Santōka (1882–1940), aliyetawazwa kuwa mtawa wa Zen mwaka 1925 na akazunguka nchi akiomba sadaka, aliachana na hesabu kabisa. Haiku yake inayojulikana zaidi inasema anaingia ndani, anaingia ndani zaidi, na bado ni milima ya kijani. Kurudia kule ndiko kutembea kwenyewe.

Hatua ya sita: futa

Watu wengi huamini haiku hushuka mara moja, na kuigusa baadaye ni kuiharibu. Kazi ya Bashō inakataa. Shajara ya Sora, iliyogunduliwa mwaka 1943, imeonyesha kwamba maandishi ya safari ya 1689 yalipangwa upya kwa miaka: baadhi ya tarehe hazilingani, na makahaba ambao Bashō anasimulia kuwakuta katika nyumba ya wageni aliyofikia Ichiburi, Sora hawataji hata kwa neno. Kitabu chenyewe kilichapishwa mwaka 1702, mwandishi akiwa amekwisha kufariki.

Kwenye mto Mogami aliandika kwanza kwamba mto umezikusanya mvua zote na ni baridi, neno la adabu kwa mwenyeji aliyemkaribisha. Baadaye alipanda mashua kwenye mto uliofurika, na "baridi" ikawa "kasi". Neno moja. Shairi la hekalu la Yamadera nalo, kwa kumbukumbu ya Sora, lilianza na hekalu la mlimani na sauti ya nyenze iliyoganda kwenye jiwe. Hatimaye hekalu liliondoka, sauti ikaacha kuganda ikaingia:

Kimya kikuu—
mlio wake nyenze
wapenya mwamba.

Hebu tufute moja pamoja. Rasimu ya kwanza:

Nina huzuni
kuona kanzu yake
ikipepea.

Mizani imetimia, shairi halipo. "Nina huzuni" inamwambia msomaji ahisi nini. "Kuona" haina kazi, maana kama hukuona usingeandika. "Yake" ya nani? Toa hisia, weka majira mahali pake, na mwenye kanzu ajulikane:

Kusi yavuma:
kanzu ya marehemu
yapepea tu.

Afadhali. Ila kila nguo iliyoanikwa hupepea, na "tu" imekuja kujaza mstari. Rudi kambani ukatazame. Upepo unapoanza, kanzu hufanya nini hasa?

Kusi yaanza:
kanzu ya marehemu
yajaa tena.

Liache siku kadhaa, kisha lisome kwa sauti mbele ya mtu asiyependa mashairi. Akiuliza "kwa hiyo?", ama hujakata vizuri ama yeye hajawahi kufua nguo za aliyefariki.

Nathari na haiku pamoja

Bashō alichanganya masimulizi mafupi ya safari na haiku, namna inayoitwa haibun. Andika aya moja au mbili kavu: ulipita wapi, ulilala wapi, nani alikupa uji. Kisha weka haiku ambayo hairudii aya. Kama aya imetaja mvua, haiku iende kwenye viatu vya mwenyeji. Hiyo ndiyo kanuni nzima.

Ukifika Japani

Kwa walioko huko kwa masomo au kazi: Yamadera iko njia ya reli ya Senzan, mwendo wa takriban saa moja kutoka Sendai, na hekalu linapandwa kwa ngazi zaidi ya 1,000. Nenda wakati wa joto, nyenze wakiwepo. Hiraizumi bado ina Ukumbi wa Dhahabu wa hekalu la Chūson-ji, uliomalizika mwaka 1124. Matsuyama, mji alikozaliwa Shiki na alikofia Santōka, ina visanduku vya posta vya kutumbukizia haiku hadharani. Fukagawa ina makumbusho ya Bashō, madogo, karibu na mto.

Hatua ya mwisho: kukai

Haiku tangu mwanzo ni sanaa ya kundi. Kukai ni kikao cha kuandikiana, na hata kundi la WhatsApp la watu sita linatosha. Kila mmoja humtumia mratibu haiku tatu kwa siri. Mratibu huzichanganya na kuzituma zote bila majina. Kila mshiriki huchagua tatu anazozipenda, zisiwe zake, na kueleza kwa sentensi moja amezipendea nini. Kura zikihesabiwa, ndipo wenyewe wanajitaja. Mwandishi haruhusiwi kueleza alikusudia nini kabla wengine hawajamaliza kusema walichosoma, na mratibu awe mkali hapo, hasa kama kuna mwalimu wa fasihi kundini.